Mabomba Ndani ya Ukuta

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje kuniongezea soketi mbili jikoni. Kijana mstaarabu. Alitandika turubai sakafuni, akaniomba radhi mapema kwa ajili ya vumbi, kisha akawasha mashine yake ya kukatia ukuta. Vumbi la lipu halikunisumbua. Lakini nyumba ninayoishi ni ya zamani, na nyuma ya lipu kuna matofali ya kuchoma. Mashine ilipoyafikia, harufu ilibadilika. Nyie mliokulia kwenye nyumba za matofali ya kuchoma mnaijua harufu hiyo: udongo uliokwisha kupikwa, una moshi kwa mbali, kama chungu kipya kinapomwagiwa maji mara ya kwanza. Niliweka kikombe cha chai chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka alipomaliza kazi. Binti yangu alinifuata akaniuliza kama ni pumu. Nikamwambia ndiyo, ni pumu.

Nyumba tuliyokulia Mpanda ilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni. Ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye kuta nene kiasi kwamba dirishani tuliweza kukaa watoto wawili tukaning'iniza miguu. Babu, yaani baba yake Mama, aliipata mgodi wa madini ya risasi ulipofungwa. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mgodi huo, akiwa fundi umeme. Kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba kule walikuwa wakichimba risasi za bunduki, zikiwa tayari zimechongoka, na kwamba Babu alikuwa mtu hatari aliyeamua tu kustaafu.

Tulikuwa wanne: Babu, Mama, mimi, na mdogo wangu Deusi aliyekuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na tisa hivi. Baba alikwenda Mwanza kutafuta kazi, na barua zake zilikoma kabla sijajua kusoma. Siku za treni Mama alikwenda stesheni na beseni kichwani, akauza mayai ya kuchemsha, karanga, na asali ya Ugalla kwenye chupa. Siku nyingine alilima kishamba chetu upande wa Ilembo. Babu ndiye aliyekaa nasi nyumbani, au sisi ndio tuliokaa naye. Hilo la nani alikuwa akimwangalia nani lilibadilika polepole, na mimi sikuliona likibadilika.

Umeme tulikuwa nao kwa jina. Kulikuwa na balbu moja sebuleni, imening'inia kwenye waya uliopita juu ya ukuta, na iliwaka saa chache jioni majenereta ya mji yakiwa na mafuta. Yasipokuwa na mafuta tuliwasha chemli. Soketi haikuwepo hata moja nyumba nzima, na hakuna aliyeona kasoro, mpaka lilipokuja friza.

Friza lilitoka Tabora kwa treni. Mjomba Fidelis, kaka yake Mama, alilipata mahali likiwa kuukuu, limeota kutu kwenye pembe, akamtumia dada yake. Vijana wanne walilibeba kutoka stesheni na watoto wa mtaa tukawafuata nyuma kama msafara wa bwana harusi. Mama alilifuta, akalitandika kitambaa cha kufuma juu, akalisimamisha sebuleni. Kwa kuwa halikuwa na pa kuchomekwa, tukahifadhi humo maharage na unga, panya wasifike. Lakini Mama alikuwa ameshalipangia kazi. "Wasafiri wanakaa kwenye mabehewa na jua lile," alituambia, akikunja mikono kana kwamba ameshika kitu cha baridi. "Nikiwa na barafu na maji ya baridi, nani atanunua mayai tena? Hata umeme ukija saa nne tu, linagandisha." Sikuwahi kumwona Mama akizungumza kwa furaha namna ile juu ya kesho.

Akamwita Fundi Ramadhani, kijana wa Tabora aliyekuwa akifanya wayaringi kwenye nyumba za mjini. Fundi alizunguka vyumba vyote, akakwaruza lipu kwa bisibisi, akaonja vumbi lililobaki kidoleni kama mtu anayeonja chumvi.

"Mama, ukuta huu umejengewa udongo, siyo simenti," alisema. "Nikianza kuutindua utamwagika. Tupitishe waya juu kwa juu, tuubane na klipu. Hautapendeza sana, lakini mtakuwa salama."

Babu alikuwa kitini karibu na dirisha. Alisema, "Mabomba yamo."

"Mabomba gani, mzee wangu?"

"Ya chuma. Humu humu ndani ya ukuta. Niliyalaza kwa mikono yangu, yanatoka darini, yanashuka mpaka usawa wa goti. Wewe kazi yako ni kuvuta waya tu. Usinichafulie nyumba na klipu."

Fundi Ramadhani aligonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, hapa na pale, sikio likiwa karibu. Akatikisa kichwa. "Sioni dalili, mzee."

"Ulizaliwa lini wewe?" Babu akamwuliza.

Fundi alicheka kwa adabu, akamtazama Mama. Mama akatazama sakafu. Kumkatalia baba yake mbele ya mgeni, ndani ya nyumba ya baba yake, kilikuwa kitu asichoweza. Akamwambia fundi ampe muda kidogo. Fundi akasema hakuna neno, alikuwa na kazi Mishamo, akirudi angepita.

Inabidi niwaeleze jinsi Babu alivyokuwa siku hizo, kwa sababu mimi nilimwelewa vibaya tangu mwanzo. Tangu nizaliwe aliniita "mke wangu", kama mababu wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Aliniuliza mume wangu, yaani yeye, atakula nini leo, nami nikamjibu kwamba nimemwacha, nimepata kijana mwenye meno. Ndiyo yalikuwa maisha yetu. Basi alipoanza kuniita Leokadia, jina la Bibi ambaye sikumkuta, niliona utani umenoga. Alipouliza, "Leokadia, watoto wamekula?" nilijibu kwa sauti ya kizee, "Wamekula, mume wangu." Alipovaa shati juu ya shati nilicheka, naye akacheka. Alipotoka nje akasimama njiani asijue ageukie wapi, nilimshika mkono nikamzungusha kama tunacheza. Mama alitutazama kutoka jikoni na hakucheka. Nilidhani amechoka.

Baadaye kidogo niligundua kwamba kuna saa anakuwepo na saa hayupo. Na mtoto wa Mpanda ya wakati ule alikuwa na kitu kimoja tu cha kulinganisha na hali hiyo. Babu alikuwa kama umeme wetu. Anakuja, anafifia, anakatika, anarudi. Sikuona kama ni ugonjwa. Niliona ni hitilafu ya mahali fulani, ambayo mtu mwenye ujuzi angeirekebisha. Tena nilikuwa na ushahidi. Kila alipozungumza juu ya mabomba yake, aliwaka kabisa. Alikumbuka unene wake, jinsi walivyoyapinda kwa kuyapasha moto, jina la msimamizi wao mzungu, jina la mbwa wa msimamizi. Jina la Deusi lilimtoka, lakini jina la mbwa wa mzungu wa miaka ile hakulisahau. Nikaamua moyoni kwamba mabomba yakipatikana, Babu atapona. Sikumwambia mtu. Kwangu lilikuwa jambo lililo wazi kabisa.

Tukaanza kuyatafuta. Kila Mama alipotoka, Babu alichukua nyundo na tindo lake la zamani, lile la kuchongea ukuta, lililochakaa kichwani mpaka likafanana na uyoga. Mimi nilibandika sikio ukutani. Yeye aligonga.

"Sema."

"Kimya, Babu."

Anasogea hatua moja. Anagonga.

"Sema."

"Kimya."

Ukuta ulikuwa wa baridi shavuni na ulinuka chokaa. Nilichosikia kilikuwa ni mlio mzito wa matofali, na moyo wangu mwenyewe. Alinifundisha kwamba penye bomba ukuta hulia kwa ndani, sauti nyembamba, ndefu. Niliitafuta sauti hiyo kwa wiki mbili. Pale alipokuwa na hakika kuliko mimi, alitindua: tundu moja chini ya dirisha, jingine nyuma ya kiti chake, mfereji mrefu ukutani kuelekea jikoni. Matofali yalimwaga unga mwekundu, udongo kati yake ukatoka mkavu kama ugoro, na kila tundu lilikuwa tupu. Babu aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama.

Mwanzoni Mama alifukia. Alikanda udongo baada ya kazi zote za siku, akaziba. Siku aliyokuta mfereji wa jikoni, aliweka beseni chini akakaa juu ya friza, miguu ikining'inia kama ya mtoto, akalia. Babu alisimama mbele yake na nyundo mkononi, akamwuliza kwa upole, "Dada, umefiwa?"

Mama akamnyang'anya tindo. Alilificha ndani ya friza, chini ya maharage.

Kilichofuata ndicho kilichoniogopesha kuliko yote. Babu alikaa kitini siku tatu. Hakuuliza chakula, hakuniita mke wake wala Leokadia. Nilimwambia nimepata kijana mwenye meno. Alinitazama kama watu wanavyotazama mvua. Siku ya tatu alijikojolea pale pale kitini, na nilipomwambia Mama, alinifukuza nje akamsafisha peke yake akiwa amefunga mlango. Nilikaa uani nikafikiri: anazimika. Mama ameondoa kile kitu kilichokuwa kinamwasha, na sasa anazimika moja kwa moja.

Kesho yake ilikuwa siku ya treni. Mama aliondoka asubuhi. Deusi alikuwa na homa ya tangu jana, amelala kwenye kitanda cha chumbani, kile kilichogusa ukuta karibu na mlango. Mama aliniachia maagizo: nimpe Deusi uji akiamka, nimfute na maji, nisiende kucheza mbali. Nilimpa uji nusu kikombe, akalala tena.

Nikaenda kwenye friza, nikachimba maharage, nikatoa tindo. Nikaligonga kwa nyundo kidogo ili Babu asikie mlio. Hakugeuka. Nikaenda kwenye ukuta wa katikati, ule uliotenga sebule na chumba, nikabandika sikio. Nikasema:

"Babu. Nimesikia."

Alinyanyua kichwa.

"Nimesikia bomba. Linalia."

"Wapi?"

Niliweka kiganja kando ya fremu ya mlango, juu kidogo ya kichwa changu. Nilichagua pale kwa sababu ndipo friza lingekaa vizuri. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Nawaambia, aliwaka. Alisimama peke yake, bila kushika kiti. Macho yalirudi usoni mwake, akanitazama mimi, siyo Bibi, akasema, "Safi, mke wangu. Lete hilo tindo." Nililia kwa furaha. Alipapasa ukuta, akapima kwa shubiri, akaniambia, "Hapa ndipo lilipo. Linashuka hivi, linakata hivi." Sauti ilikuwa ya fundi anayewaelekeza watu wake. Nikafunga mlango wa chumbani, ili vumbi lisimwamshe Deusi.

Alitindua kuanzia saa tano hivi mpaka jua likawa utosini. Alifuata mfereji kwenda juu, kisha akakata kulia, juu ya fremu, akipanua kila alipokosa. "Limeingia ndani zaidi," alisema. "Zamani tulikuwa tunalaza ndani kabisa." Tofali la kwanza alilitoa zima, akanipa nilishike. Kisha la pili. Mimi niliona gogo lililolala juu ya mlango, limeliwa na mchwa likawa kama sega la nyuki, na niliona matofali ya juu yake yakiwa yamekalia upande mmoja tu. Niliyaona na sikuelewa nilichokiona. Nilikuwa najiuliza tu nitasema nini akifika mwisho asikute kitu.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo nilichokitegemea. Ilikuwa kama mtu anamwaga gunia la viazi, halafu gunia jingine. Gogo liligeuka, Babu akarudi nyuma hatua mbili akaanguka kwa makalio, na ukuta wa juu ya mlango ukalala upande wa chumbani. Mlango wenyewe ulivunjika katikati. Vumbi jekundu lilijaa mpaka sikuona mkono wangu. Ndani ya vumbi hilo, kimya kidogo. Kisha sauti ya Deusi.

Majirani walimtoa. Alikuwa na udongo mdomoni na masikioni, na paja lake la kushoto lilikuwa limekaa upande usio wake. Mwanaume mmoja alimfunga kwa shuka kifuani mwake, akapanda baiskeli, akaenda naye hospitali. Mwingine alikimbia stesheni kumwita Mama. Mama alifika kwanza nyumbani, akiwa bado na kanga ya kichwani ya kubebea beseni, akatazama tundu lile kubwa, akatazama kitanda, akageuka akakimbia upande wa hospitali. Babu alibaki amekaa kwenye kifusi. Alikuwa akichambua matofali, tofali moja moja, akitafuta.

Deusi alilazwa wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye mawe. Ulipona mfupi, umepinda kwa nje. Daktari alimwambia Mama ashukuru kwamba siyo kichwa.

Mjomba Fidelis alikuja na treni. Siku ya pili yake wakakaa sebuleni: Mjomba, Mama, Babu, na Mzee Yohana, jirani aliyewahi kufanya kazi na Babu mgodini. Waliniita na mimi. Mzee Yohana alikuwa ameombwa aseme ukweli, akausema kwa uchungu, akiwa ameshika kofia yake mapajani. Mabomba yalikuwepo, alisema. Babu aliyalaza kweli, na kwa ustadi, kwenye nyumba za wakubwa kule mgodini, ambazo zilibomolewa siku nyingi. Nyumba hii ilikuwa ya karani. Hii mgodi haukuwahi kuiwekea hata waya.

Mjomba akainama mbele ya Babu. "Baba. Kwa nini ulichimba pale mlangoni, na mtoto amelala?"

Babu siku hiyo alikuwepo. Nataka mjue hilo. Alikuwa amenyoa, amevaa shati moja tu, na alimjibu mwanawe bila kusita. "Mtoto alisikia bomba. Skola alisikia, akanionyesha mahali."

Wote wakanigeukia. Mama alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kufua mashuka ya hospitali.

"Skola," alisema. "Ulimwambia babu yako umesikia kitu?"

"Hapana, Mama."

"Na tindo nani alimpa?"

"Alilitafuta mwenyewe."

Mjomba akashusha pumzi, akatikisa kichwa. Mzee Yohana akatazama kofia yake. Lakini Babu alinitazama mimi. Hakukasirika. Alikunja uso kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliopitia asubuhi haupo.

"Hukuniambia?" aliuliza. "Hukuweka mkono pale?"

"Hapana, Babu."

Niliona akirudi nyuma katika mawazo yake, akiitafuta siku ile, akiishika, kisha akiiachia. "Basi," alisema, "nitakuwa nimesahau."

Hakubishana tena na mtu juu ya kitu chochote. Akiambiwa amekula, alikubali amekula. Akiambiwa ni jioni, alikwenda kulala. Awali alikuwa anapoteza vitu na kupigania kuvipata. Baada ya siku ile aliviacha vyote kwa pamoja, kama mtu anayerudisha funguo za ofisi. Mama alimsifu kwamba ametulia. Mimi nilijua kilichomtuliza.

Wakakubaliana aende Tabora kwa Mjomba, kwa sababu Mama asingeweza kumlinda yeye na kumwuguza Deusi. Siku ya safari nilibeba kikapu chake mpaka stesheni. Alikaa dirishani, behewa la daraja la tatu, mikono juu ya magoti. Mama alikwenda na Mjomba kununua maji. Nilipanda kwenye kizingiti cha behewa, nikasogea mpaka alipo. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Babu, ni mimi niliyesema. Nilikuambia nimesikia bomba. Nilikudanganya. Na kule sebuleni nikadanganya tena. Hukusahau, Babu. Wewe hukusahau kitu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni mwenye shida.

"Bomba gani, mama?" aliuliza.

Nikaanza upya. Nikamwambia mlango, tindo, Deusi, mkono wangu ukutani. Alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, akanipigapiga begani. "Pole sana," alisema. "Pole. Nyie ni wenyeji wa hapa hapa?" Halafu Mama akaja na chupa ya maji, akaniambia nishuke, treni inaondoka.

Alifariki Tabora kabla mvua hazijaisha. Mama alikwenda peke yake, kwa kuwa Deusi alikuwa bado hawezi kukaa kwenye benchi la treni. Lile friza lilipigwa na ncha ya gogo siku ya ukuta, kifuniko hakikufunga tena. Likaendelea kuwa la maharage. Fundi Ramadhani alirudi kutoka Mishamo, akasimama mbele ya ukuta uliozibwa kwa mbao na turubai, hakutukumbusha kwamba alituonya. Alipitisha waya juu kwa juu, akaubana kwa klipu, akatuwekea soketi moja, na kwa miaka niliyobaki pale sikumbuki tulichomeka kitu gani cha maana.

Deusi sasa ni mtu mzima, ana duka la spea za pikipiki na watoto watatu. Anatembea akiinamia kushoto. Mguu haumnyimi raha. Amejifunza kuusimulia, na kila tunapokutana ukoo mzima, watoto humzunguka asimulie. "Babu yetu alikuwa chizi," huanza. "Aliniangushia nyumba, mimi nimelala, akitafuta mabomba ya kichwani mwake." Huigiza mpaka namna Babu alivyochambua kifusi, jambo ambalo hakuliona, alihadithiwa. Watu hucheka mpaka wanafuta machozi. Mama naye hucheka siku hizi, mkono mdomoni.

Krismasi iliyopita mwanawe wa mwisho alinijia, akapanda mapajani mwangu. "Shangazi, wewe ulikuwepo," alisema. "Ni kweli alikuwa chizi?"

Kelele zikapungua. Deusi alikuwa akinitazama huku anatabasamu, akisubiri niongeze utamu. Mama alikuwa akinitazama pia.

"Ni kweli," nikasema. "Alikuwa anasikia vitu."